Kutoka Kariobangi hadi Malindi: Safari ya kufuata mto wa Nairobi mpaka baharini

MAJI ya mto Nairobi yanayopita kando ya Kariobangi, kati ya Korogocho na Dandora, hayaishii katika mitaa ya Mashariki mwa jiji. Huungana na mto Athi, huzunguka mlima Ol Donyo Sabuk, huteremka kando ya uwanda wa Yatta, hupenya katikati ya Mbuga ya Tsavo Mashariki kwa jina la Galana, na hatimaye humwagika katika Bahari Hindi, kaskazini mwa Malindi, kwa jina la Sabaki.

Ni mto mmoja wenye majina manne. Vitabu vya jiografia huutaja kuwa wa pili kwa urefu nchini Kenya baada ya Tana, na eneo unalokusanyia maji ni takriban kilomita 70,000 za mraba. Hata hivyo, wakazi wengi wa Nairobi hawana habari kwamba maji wanayoyaona yakipita meusi chini ya daraja ndiyo hayo wanayoyanywa ndovu wa Tsavo siku chache baadaye, na ndiyo yanayogeuza rangi ya bahari Malindi.

Njia hiyo ya maji yaweza kufuatwa kwa gari. Ni safari ya siku tano au sita inayompa msafiri nafasi ya kupiga kambi porini, kutazama wanyama na ndege, na mwishowe kupiga kasia katika hori ya Mida karibu na Watamu. Si safari ya watalii wa kigeni pekee. Kundi la vijana kumi au chama cha akina mama kinachochanga kila mwezi laweza kuifunga, mradi maandalizi yafanywe mapema na masharti yafuatwe.

Makala haya yanaeleza jinsi safari hiyo inavyopangwa, mambo ya kutazamwa katika kila kituo, na sababu zinazomfanya mkazi wa Kariobangi awe na haki, na pia wajibu, kuhusu mto huo.

Mwanzo wa mto

Mto Nairobi huanzia katika bwawa la Ondiri, eneo la Kikuyu, magharibi mwa jiji. Jina lenyewe latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Reli ilipofika mahali hapo mwaka 1899, maji hayo ndiyo yaliyokuwa kivutio cha wajenzi wake, kwa kuwa mbele yao palikuwa na mwinuko mkali wa kuelekea Bonde la Ufa nao walihitaji mahali pa kupumzika na kujipanga.

Kufikia Kariobangi, ubaridi huo umebaki katika jina tu. Mto umekwisha kupokea maji ya viwandani, ya magereji, ya masoko, na ya vyoo visivyounganishwa na mabomba ya majitaka. Karibu na Korogocho unaungana na mto Mathare, ambao nao umepita katikati ya vijiji vyenye msongamano mkubwa wa watu. Ng'ambo ya pili liko jaa la taka la Dandora, lililofunguliwa miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini malori bado yanapeleka taka humo.

Kariobangi yenyewe ina kituo cha zamani cha kusafisha majitaka kilichojengwa miaka ya 1960, wakati jiji lilipokuwa dogo. Jina la kituo hicho lilivuma Mei 2020, pale maelfu ya watu waliokuwa wakiishi katika ardhi iliyokizunguka walipobomolewa nyumba zao katikati ya janga la korona.

Majaribio ya kuusafisha mto ni mengi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake makuu yako Gigiri, lilianzisha mpango wa bonde la mto Nairobi mwaka 1999. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Mazingira kuanzia 2008, aliongoza usafishaji ulioacha bustani kandokando ya mto karibu na katikati ya jiji, na bustani hiyo sasa ina jina lake. Machi 2025 serikali ilizindua mpango mwingine wa kuufufua mto, na uzinduzi huo ulifanyika Korogocho. Vijana wa Korogocho nao, kupitia kundi la Komb Green Solutions, wamegeuza sehemu ya ukingo iliyokuwa jaa kuwa bustani ya jamii.

Kituo cha kwanza: Ruai

Msafiri anayeondoka Kariobangi Kusini hushika barabara ya Kangundo, akapita Kayole na Njiru hadi Ruai. Hapo ndipo yalipo mabwawa makubwa ya majitaka ambayo, ingawa yako Ruai, huitwa mabwawa ya Dandora. Hakuna mitambo mingi. Majitaka hupitishwa kutoka bwawa moja hadi jingine polepole, na jua, hewa na bakteria hufanya kazi ya kuyasafisha kabla ya kuachiliwa mtoni.

Kwa mtu asiyejua, mahali hapo si pa kutalii. Kwa wataalamu wa ndege, ni miongoni mwa maeneo muhimu ya ndege nchini. Mabata, korongo, heroe na ndege wadogo wa matopeni wanaohama kutoka Ulaya na Asia hutua humo kila mwaka, kwa sababu maji hayo yana wadudu na mimea midogo kwa wingi. Anayetaka kuingia huomba ruhusa ya kampuni ya maji ya Nairobi kabla ya siku ya safari.

Kituo hicho ni somo la kwanza la safari: maji machafu yakipewa nafasi na muda, uhai hurejea. Tatizo la mto si kwamba watu wanakwenda chooni, bali ni kwamba sehemu kubwa ya majitaka ya jiji haifiki katika mabwawa hayo.

Kituo cha pili: Ol Donyo Sabuk

Kutoka Ruai, barabara huendelea kupitia Kamulu, Joska na Tala hadi Donyo Sabuk. Mlima huo, wenye kimo cha mita 2,145, ni mbuga ya kitaifa tangu 1967. Nyati ndio mnyama anayejulikana zaidi humo. Mlimani kuna kaburi la William Northrup McMillan, tajiri Mmarekani aliyemiliki mashamba makubwa katika eneo hilo enzi ya ukoloni.

Karibu na mlima kuna maporomoko yanayojulikana kama Fourteen Falls. Kufikia hapo mto Nairobi umekwisha kumezwa na Athi, ambao chimbuko lake ni milima ya Ngong. Wakati wa mvua, maporomoko hayo hunguruma na kuvutia. Wakati wa kiangazi, povu jeupe na chupa za plastiki zilizonasa kati ya mawe humkumbusha mgeni alikotoka. Anayesafiri na watoto asiwaruhusu kuogelea wala kunywa maji hayo.

Maporomoko yana faida yake, hata hivyo. Maji yanapoanguka na kupasuka huchanganyika na hewa, na hewa hiyo huwapa nguvu viumbe wadogo wanaokula uchafu unaooza. Kadiri mto unavyosafiri, ndivyo unavyojisafisha, tena vijito vya Ukambani huongeza maji ndani yake. Lakini kuna vitu visivyooza: plastiki, chumvi na metali kama risasi. Hivyo huzama katika tope au huendelea na safari.

Ndiyo sababu bwawa la Thwake huko Makueni, lililoanza kujengwa 2018 mahali mto Thwake unapoungana na Athi, limezua mjadala mkubwa. Bwawa hilo linatarajiwa kuwapa wakazi maji ya matumizi ya nyumbani, umeme na maji ya kunyunyizia mashamba. Bwawa hutuliza maji, na maji yanapotulia mzigo wake hukaa chini. Iwapo Nairobi haitasafisha majitaka yake, Makueni itakuwa karo ya jiji.

Mombasa Road na kituo cha Makindu

Kutoka Tala safari huelekea Machakos na kuingia barabara kuu ya Mombasa. Kutoka hapo mto hauonekani, kwa kuwa uko mbali upande wa kushoto, chini ya uwanda wa Yatta. Uwanda huo ni mabaki ya volkano iliyotiririka zamani za kale, na una urefu wa karibu kilomita 300. Ni miongoni mwa mitiririko mirefu zaidi ya lava duniani. Athi hutembea chini ya ukuta huo kama mtu anayefuata ua akitafuta lango.

Makindu ni mahali pazuri pa kupumzika. Hekalu la Masingasinga lililojengwa miaka ya 1920 na wafanyakazi wa reli hutoa chakula kwa wasafiri wa dini zote bila malipo. Mgeni huvua viatu, hufunika kichwa, haingii na pombe wala sigara, na akitaka hutoa sadaka. Kwa kundi lenye bajeti ndogo, msaada huo si haba, lakini heshima ya mahali hapo ilindwe.

Kabla ya Voi, barabara, reli ya zamani na reli ya SGR iliyozinduliwa 2017 hupita zikikaribiana katikati ya Tsavo. Chini ya tuta la SGR yameachwa mapito mapana ya wanyama. Dereva na apunguze mwendo hapo, hasa jioni, kwani ndovu na nyati huvuka barabara bila kungoja honi.

Kituo cha tatu: Kambi ya Tsavo

Tsavo ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1948, kisha ikagawanywa kuwa ya Mashariki na ya Magharibi ili iwe rahisi kuisimamia. Mbuga hizo mbili kwa pamoja zina zaidi ya kilomita 20,000 za mraba. Hesabu ya kitaifa ya wanyamapori ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba eneo la Tsavo lilikuwa na ndovu 14,964 kati ya 36,280 waliokuwa nchini kote. Ndovu wa huko huonekana wekundu kwa sababu ya udongo wanaojimwagia mwilini ili kujikinga na jua na wadudu.

Karibu na lango la Voi kuna kambi ya umma ya Ndololo. Kupiga kambi huko ni nafuu kuliko kulala hotelini, lakini kuna kanuni. Hema lisisimikwe nje ya eneo lililotengwa. Chakula kisilazwe ndani ya hema, kwa sababu ndovu na nyani hunusa matunda kwa mbali. Moto uwashwe mahali palipoandaliwa na uzimwe kwa maji, si kwa mchanga pekee. Usiku mtu asitoke peke yake, hata kwa haja ndogo.

Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Ada hulipwa kupitia mfumo wa serikali wa eCitizen, wala si kwa pesa taslimu langoni. Raia wa Kenya hulipa kiwango cha chini kuliko wageni, mradi waonyeshe kitambulisho. Kwa kuwa viwango hubadilishwa, kiongozi wa kundi na aangalie katika mfumo huo kabla ya kukusanya michango.

Jambo jingine ambalo wengi husahau ni plastiki. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini Agosti 2017, na kuanzia Juni 5, 2020, chupa, vikombe na sahani za plastiki za kutumiwa mara moja ziliharamishwa katika mbuga, fuo na misitu ya hifadhi. Wasafiri wabebe maji katika mitungi mikubwa na kila mmoja awe na chupa yake ya chuma. Mafundi wa jua kali wa Kariobangi Light Industries wana ujuzi wa kuunda majiko na masanduku ya bati, na vifaa vya namna hiyo hudumu safari nyingi.

Mto unapobadilika jina

Asubuhi inayofuata safari huelekea kaskazini kutoka Voi hadi kwenye mto. Hapo Athi umekwisha kupokea mto Tsavo, ambao huletewa maji safi kutoka chemchemi za Mzima, na kuanzia mahali wanapokutana jina hubadilika kuwa Galana. Chemchemi za Mzima hutoa zaidi ya lita milioni 200 kwa siku, zikichujwa na miamba ya volkano ya milima ya Chyulu. Maji hayo ndiyo yanayoufanya mto kuwa na sura mpya.

Katika maporomoko ya Lugard, yaliyopewa jina la ofisa Mwingereza Frederick Lugard, mto husukumwa katika mfereji mwembamba wa mawe yaliyochongwa na maji kama vyungu. Chini kidogo wanalala mamba. Viboko hukaa vidimbwini, na kandokando huonekana kuro, twiga, choroa na swala twiga, yule mwenye shingo ndefu anayesimama kwa miguu miwili ili afikie majani ya juu.

Katika pori hilo kavu, mto ndio uhai. Ukame wa 2022 ulidhihirisha hivyo. Wizara ya Utalii ilitangaza Novemba mwaka huo kwamba ndovu 205, pamoja na mamia ya nyumbu na punda milia, walikuwa wamekufa nchini kati ya Februari na Oktoba. Vidimbwi vinapokauka, wanyama huufuata Galana. Hawana mto wa akiba.

Hapa msafiri apinge kishawishi cha kuingia majini. Galana si mahali pa kuogelea wala pa mtumbwi mdogo. Mamba haonekani mpaka awe amechelewa kuepukwa, na kiboko akizibiwa njia ya kurudi majini hushambulia. Kasia lisubiri Mida.

Kutoka lango la Sala hadi Malindi

Njia ya kandokando ya Galana hutoka mbugani katika lango la Sala, kisha huendelea kuelekea Malindi kwa zaidi ya kilomita 100. Kabla ya kuianza, dereva aulize maafisa wa mbuga kuhusu hali yake, kwa kuwa mvua kubwa huharibu vivuko. Mafuta yajazwe Voi. Matatu inayoacha njia yake ya kawaida yahitaji kibali cha muda kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama Barabarani na Uchukuzi (NTSA), na dereva awe na magurudumu mawili ya akiba badala ya moja.

Barabara hiyo hupita Shakahola, jina lililotikisa dunia mwaka 2023 baada ya miili ya zaidi ya watu 400 waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa kufukuliwa msituni. Wenyeji hawapendi kugeuzwa maonyesho, na msafiri mwenye adabu hupita kwa ukimya.

Kuanzia eneo hili mto huitwa Sabaki, na ardhi yake ina historia ndefu. Mwaka 1914 Waingereza waliwafukuza Wagiriama kutoka ukingo wa kaskazini wenye rutuba ili wawalazimishe kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Upinzani uliohusishwa na Mekatilili wa Menza ulitokana na dhuluma za aina hiyo.

Huko Baricho, visima vilivyochimbwa kando ya mto huo huo ndivyo chanzo kikuu cha maji ya mabomba ya Malindi, Kilifi na sehemu za Mombasa. Mchanga wa mtoni huyachuja, kisha hutiwa dawa kabla ya kusambazwa. Kwa hivyo mji wa mwambao na mtaa wa Nairobi, ambao huonekana kama nchi mbili tofauti, wamefungwa na maji mamoja.

Mahali mto unapokutana na bahari

Daraja la Sabaki liko kilomita chache kaskazini mwa Malindi, katika barabara ya kuelekea Lamu. Kutoka hapo msafiri hutembea na mwongozaji wa kijijini hadi mlangoni mwa mto. Wakati maji yamekupwa, matope mapana hubaki wazi na ndege hutanda juu yake kwa maelfu katika msimu wao: membe, mwari, heroe na ndege wa pwani waliohama kutoka nchi za kaskazini. Viboko pia huishi karibu na mlango wa mto, kwa hivyo kutembea bila mwenyeji ni hatari.

Rangi ya maji ndiyo humshangaza mgeni. Bahari huwa ya udongo kwa umbali mrefu. Wakati wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, tope husukumwa kaskazini kuelekea Mambrui na Ngomeni. Upepo wa kaskazi unapoanza mwishoni mwa mwaka, huligeuza kusini hadi ghuba ya Malindi na bustani ya bahari, ambayo pamoja na ile ya Watamu ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1968.

Matumbawe huhitaji mwanga, na tope huwazibia. Lakini matumbawe pia huweka kumbukumbu. Kama vile shina la mti linavyoonyesha miaka kwa duara zake, tumbawe hujenga tabaka kila mwaka. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha matokeo ya uchunguzi wa tumbawe la Malindi lenye umri wa takriban miaka 300. Kwa kupima kiasi cha madini ya bariamu, ambayo huletwa baharini na udongo wa mto, walionyesha kwamba mmomonyoko uliongezeka sana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati utawala wa kikoloni ulipobadilisha matumizi ya ardhi bara, na uliendelea kupanda kadiri watu na mashamba yalivyoongezeka.

Tumbawe hilo ni shahidi asiyeweza kuhongwa. Mteremko ukilimwa bila makinga maji Machakos, au msitu ukikatwa Kiambu, hesabu huandikwa Malindi.

Kituo cha mwisho: Kasia katika hori ya Mida

Kilomita zipatazo 20 kusini mwa Malindi ziko Watamu, Gede na hori ya Mida. Maji ya hori hii hayatoki Sabaki. Bahari huingia kwa mlango mwembamba, hutanda katikati ya mikoko, kisha hutoka. Hapo ndipo mahali pa kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja au wawili unaoendeshwa kwa kasia lenye bapa pande zote mbili.

Siri ya Mida ni saa za maji. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa muda wa karibu saa sita kila upande. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa yaweza kukaribia mita nne. Anayeingia horini huingia maji yakiwa yanajaa, na hurudi kabla hayajaanza kutoka kwa nguvu. Akichelewa, hukwama katika matope au husukumwa kuelekea mlangoni. Ndiyo sababu jaketi la kuelea na mwongozaji anayeijua hori si mambo ya hiari, hasa kwa watu wa bara wasiojua kuogelea.

Anayepiga kasia taratibu huona mengi. Kaa hupanda mizizi ya mikoko, na samaki wadogo hujificha chini yake hadi wakomae na kwenda baharini. Kuna ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye hutaga mayai katika mashimo ya mchanga pwani za Arabuni na Somalia, kisha huja Mida kula. Mahali pa kutazamia ndege hao pamejengwa na daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, na ada ya wageni imesaidia kulipia karo ya watoto wa vijiji jirani kupitia mpango wa shirika la A Rocha Kenya.

Nyuma ya hori umesimama msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye karibu kilomita 420 za mraba. Ndani yake anaishi bundi mdogo wa Sokoke, na sange mwenye makalio ya rangi ya dhahabu, mnyama anayekimbia kama panya ingawa si panya. Huko Gede, mradi wa Kipepeo uliofunguliwa 1993 huwanunulia wakulima wa kando ya msitu pupa wa vipepeo na kuwauza ng'ambo. Mwanakijiji hupata pesa mradi msitu ubaki umesimama.

Watamu pia kuna shirika la Local Ocean Conservation, lililoanza 1997 kwa kulinda viota vya kasa. Kasa waliojeruhiwa au waliomeza plastiki hutibiwa humo kabla ya kurudishwa baharini. Mfuko au uzi wa plastiki unaoelea hufanana na chakula machoni pa kasa. Akishaumeza, tumbo huziba, hewa hujaa ndani, naye hushindwa kuzama kutafuta mlo. Hakuna awezaye kusema mfuko fulani ulitoka Kariobangi, Malindi au ng'ambo. Inatosha kujua kwamba njia ya kutoka Kariobangi iko wazi.

Wakati ufaao na gharama

Miezi bora ya safari ni Januari na Februari, au Julai hadi Oktoba. Kaskazi huleta bahari tulivu na ndege wengi wahamiaji, ilhali Julai hadi Septemba nyangumi hupita mbele ya Watamu. Aprili na Mei ni za mvua ya masika. Mafuriko ya 2024, yaliyoua watu wengi Mathare na kwingineko, yalionyesha jinsi mto huo huo unavyoweza kugeuka adui mahali pote unapopita.

Gharama kubwa ni gari, mafuta, ada za mbuga na chakula. Vyote hupungua vikigawanywa. Watu kumi na wawili katika gari moja, wanaojipikia na kulala hemani, hutumia sehemu ndogo ya kiasi anachotumia mtalii mmoja wa hoteli. Hema zaweza kuazimwa au kununuliwa za mtumba Gikomba. Kituo kimoja kikikosekana kwa uhaba wa pesa, kingine kitoshe. Mlango wa mto Sabaki na daraja la Mida havihitaji utajiri.

Kwa miaka mingi mtoto wa Eastlands amefundishwa darasani kwamba Kenya ina ndovu, matumbawe na kasa, lakini amewaona katika picha za vitabu tu, na akaachwa aamini kwamba ni mali ya wageni. Wakati huohuo, mtu wa Malindi amelaumu mto kwa kuleta uchafu bila kujua ni nani aliyeutupa, na kwamba wengi wa waliouona ukitupwa hawakuwa na jaa jingine wala bomba la majitaka.

Wahenga wa pwani walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wasafiri watarudi Kariobangi, na mto utaendelea kupita. Anayerejea akiwa amewaona ndovu wakinywa maji ya Galana atakuwa na swali la kumuuliza diwani wake kuhusu mabomba ya majitaka na magari ya taka, na atakuwa na sababu ya kutokubali jibu la kwamba maji yakishaondoka mtaani huwa si neno tena.